Martina Mumbua Kioko, Mpiga Ngoma wa Mbuzi Watano

Baba paroko, Mzee Liang na jamaa zako, wenzetu wa Tianxiu na wa Kangle, wanafunzi wetu, na ninyi mashabiki mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kusimama nasi, familia imemtuma Nelly, kifungua mimba wa marehemu, awasomee safari ya mama yake tangu alipozaliwa hadi Mungu alipomwita, na imemwomba asome polepole ili mdogo wake Nikodemu, aliyesimama hapa kando, apate nafasi ya kuyaeleza kwa Kichina, kwa hiyo mkiona tumenyamaza katikati msidhani tumezidiwa na machozi, ingawa huenda na machozi yamo.

Marehemu Martina Mumbua Kioko alizaliwa tarehe 17 Novemba 1955, karibu na Tala, wilaya ya Machakos, nchini Kenya, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kioko na Mama Felisia, na aliitwa Mumbua kwa sababu siku hiyo mvua ilinyesha hata mkunga akachelewa kufika, akakuta mtoto amekwisha kuja peke yake na analia kwa sauti ya kuwaamsha majirani. Bibi yake mzaa baba alikuwa mpiga ngoma ya kilumi, ile ngoma ya wanawake wa Ukambani ya kuombea mvua, na mtoto alikulia mgongoni mwa ngoma hiyo, akawa anagonga kila kilichogongeka, hata Mama Felisia akalazimika kuficha sufuria wageni wanapokuja. Alibatizwa Pasaka ya mwaka uliofuata, amevaa nguo nyeupe kama ilivyo desturi yetu, na jambo hilo la nguo nyeupe tunaomba mlishike, tutalirudia.

Alisoma shule ya msingi huko huko Tala kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha akajiunga na shule ya upili ya wasichana ya misheni, Machakos, mwaka 1970 hadi 1973, ambako watawa walimfundisha mpira wa kikapu, na ingawa Mungu hakumjalia kimo, alimjalia mbio na mdomo, akawa ndiye anayepanga mchezo, anayepiga kelele, na anayebishana na refa, tabia ambayo hakuiacha mpaka mwisho, kama waamuzi kadhaa wa mji huu wanavyoweza kushuhudia. Mwaka 1974 na 1975 alisomea ualimu, na kuanzia Januari 1976 alifundisha shule za msingi za Machakos na Kangundo, akawafundisha wasichana wengi kikapu katika viwanja vya vumbi, kwa mpira ambao mara nyingi ulikuwa na upele mwingi kuliko pumzi.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa takatifu na Bwana Jonas Kibet, afisa wa kilimo kutoka Nandi, mtu mpole ambaye alisema alimpenda Mumbua kwa sababu nyumbani kwao hakuna aliyezungumza wakati wa chakula, naye alikuwa amechoka na ukimya. Mungu aliwajalia watoto watatu, Nelly mwaka 1980, Nikodemu mwaka 1983, na Fiona mwaka 1987. Bwana Jonas alitutoka kwa ajali ya barabarani tarehe 22 Mei 1998, na baada ya hapo marehemu hakuweza tena kukaa katika nyumba ile, akaacha ualimu, akaingia biashara ya nguo Nairobi, akawa mtu wa kuhama, leo Kampala, kesho Dubai, na kila alipofika alikuwa mgeni.

Mwezi Aprili 2004 alikuja hapa Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza, kwa maonyesho ya biashara ya Pazhou, na Oktoba mwaka huo huo akarudi kukaa, akafungua ofisi ndogo katika jengo la Tianxiu, la wafanyabiashara wa Kiafrika, mlango unaopakana na wa Bi Rozina wa Moshi na unaotazamana na wa Bwana Abdulrazak wa Mombasa, wakala wa mizigo, na mwaka 2005 akaanzisha karakana ya kushona magauni kule mtaa wa Kangle pamoja na akina mama wa Kichina ambao leo wameketi hapa mstari wa pili. Kazi ilikwenda vizuri, miaka ile kila mtu alikuwa anajenga na kila mtu alikuwa ana haraka, lakini moyo wa mama haukuwa na kiti. Alituambia kwenye simu kwamba katika mji huu mtu anakujibu “meiyou”, hakuna, kabla hujamaliza kuuliza, kwamba kwenye treni ya chini ya ardhi kiti cha pembeni yake hukaa wazi, na kwamba hata ukilipa kodi yako na kusalimia kila asubuhi unabaki mtu wa kupita. Alisema waziwazi, na sisi tunalisema waziwazi leo, kwamba baada ya kumzika baba alitaka kitu kimoja tu, apate mahali pa kukaa ambapo hatamwomba mtu ruhusa ya kuwapo.

Mahali hapo alipaona kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa michezo upande wa Tianhe. Nikodemu, aliyekuja kwa ufadhili wa masomo ya uhandisi mwaka 2005, alimpeleka siku moja kutazama ligi ya kulipwa ya kikapu, timu ya Wuyang, yaani Mbuzi Watano, kwa maana wazee wa hapa husimulia kwamba mji huu ulibarikiwa na mbuzi watano walioleta masuke ya mpunga, na Bi Rozina aliposikia jina hilo alicheka akasema timu yenye jina la kitoweo itamtisha nani. Lakini mama alikaa nyuma ya ngoma kubwa nyekundu ya mashabiki, iliyokuwa ikipigwa na Mzee Liang, fundi mstaafu wa kiwanda cha meli, na Wuyang walipofunga akapiga kigelegele bila kufikiri, na safari hii watu walipogeuka kumtazama, walikuwa wanacheka naye. Alirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata tena, na kabla msimu huo haujaisha akina mama waliokaa karibu na ngoma wakawa wanamwekea kiti kwa kuweka mfuko wa njugu juu yake, na wakawa wanamwita laobanniang, mama mwenye duka.

Sasa tunafika kwenye msimu wa mwaka 2006 na 2007, ambao marehemu mwenyewe aliagiza usomwe wote, pamoja na aibu yake, akasema historia isiyo na aibu ni tangazo la biashara. Wuyang walipangiwa kufungua msimu nyumbani, Jumapili tarehe 19 Novemba 2006, siku mbili baada ya sikukuu yake ya kuzaliwa, naye akaamua kuwaandalia zawadi. Alinunua jora zima la kitambaa cheupe, akalikata vilemba vyembamba vya kufunga kichwani, na kwa kuwa alitaka iwe jambo la kushtukiza, hakuvishona Kangle, ambako akina mama wa karakana wangemwonya, bali alivikatia chumbani kwa Bi Rozina wamefunga mlango, wala hakumuuliza Nikodemu, aliyekuwa kwenye mitihani. Kwetu nyeupe ni ubatizo, ni komunio, ni bibi arusi. Bwana Abdulrazak alipita akaviona, akakumbuka Hija na Idi, akasema, “Wallahi Mama Nelly, nyeupe ni kheri tupu, nani atakataa kheri?”

Basi siku hiyo waliingia ukumbini Waafrika kundi zima, Wakenya, Watanzania, Wakongo, wote wamejifunga vitambaa vyeupe kichwani, wanaimba, na kadiri walivyopanda ngazi ndivyo ukumbi ulivyonyamaza. Marehemu alidhani ni mshangao wa furaha. Akamwendea Mzee Liang kwa nyuma, akamfunga kitambaa kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo, akampiga bega kama mtu anayempongeza ndugu yake. Mzee Liang alikivua, akakitazama, akavilaza vijiti vya ngoma sakafuni taratibu, akatoka nje, na mchezo ule ukachezwa bila ngoma, na Wuyang wakafungwa kwa pointi moja.

Ni Nikodemu aliyemweleza kesho yake, na anasema hajawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo, kwamba hapa kitambaa cheupe kichwani hufungwa na mtoto anayemzika mzazi wake, na kwamba Mzee Liang alikuwa ametoka moja kwa moja hospitalini, ambako mama yake mzazi alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa mapafu na madaktari hawakuwa na maneno mazuri. Marehemu alikaa chini juu ya marobota ya kanga za Bi Rozina, akasema, “Rozina, nimemzika mama wa mtu akiwa hai,” akalia siku hiyo kama ambavyo hakuwahi kulia tangu mwaka 1998.

Alikwenda kuomba radhi, amebeba machungwa kwa mikono miwili, na Mzee Liang alifungua mlango, akasema “bu yao”, sitaki, akaufunga. Alikwenda tena, mlango haukufunguliwa. Wuyang nao wakawa wanafungwa mchezo baada ya mchezo, nyumbani na ugenini, na maneno yakaanza kutembea kwamba mkosi uliletwa na wale wageni wenye vitambaa vya msiba, na mama, ambaye hakuna mtu aliyemkataza kuingia ukumbini, alijikataza mwenyewe. Mwezi mzima wa Desemba alisikiliza michezo kwa redio kule Kangle, haelewi nusu ya maneno, anaelewa tu kelele zinapopanda na zinaposhuka. Bwana Abdulrazak alimwambia, kwa nia njema, “Mama, achana nao, hapa si kwetu, tumekuja kufunga mizigo tu,” naye akamjibu maneno ambayo Bwana Abdulrazak mwenyewe ametuomba tuyaseme leo, “Abdul, nimechoka kuhama. Nimekosea hapa, na hapa hapa ndipo nitasamehewa, hata kama ni mwaka wa kumi.”

Mama hakuwa mtu wa kukaa bure hata akiwa na huzuni. Alivikusanya vile vitambaa vyote, akawaeleza akina mama wa karakana alichofanya, nao, baada ya kushika vichwa, walicheka mpaka cherehani zikasimama, kisha wakamfundisha kuchemsha rangi nyekundu, rangi ya furaha ya nchi hii, wakavitia vyote ndani na kuvianika kwenye vichochoro vya Kangle, bila yeyote kati yao kujua kama vitapata kichwa cha kukaa. Kilikosekana kimoja tu, kile alichoondoka nacho Mzee Liang.

Mungu hufanya kazi zake kwa njia zake, na mara hii alimtumia mgonjwa mwenyewe. Bibi Liang, mama yake Mzee Liang, alitoka hospitalini katikati ya Januari 2007, amekonda lakini hai, na mkwewe, aliyekuwa ameonywa asimweleze, alimweleza. Bibi alicheka mpaka wakaogopa wasije wakamrudisha hospitali. Tunatakiwa kueleza kwamba yeye ni katika wazee wa zamani ambao hushona nguo zao za kuzikiwa mapema na kuziweka sandukuni, kwa imani kwamba anayejiandaa na kifo mapema ndiye kifo humsahau, na kwa hesabu yake yeye, kuliliwa mbele ya ukumbi mzima ukiwa hai kulikuwa ni bima kubwa kuliko sanduku lolote. Akamwambia mwanawe, “Mtu aliyekwisha kuliliwa, kifo kitamtafutia nini tena? Nenda kamlete huyo mwanamke, aje ale.”

Mzee Liang alikwenda Kangle kwa miguu yake, akapenya katikati ya pikipiki na majora ya vitambaa, akamkuta marehemu mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, akasema tu, “Mama anakuita kula.” Alikwenda kama alivyo. Walikula samaki wa mvuke na supu, na mama yetu, ambaye daima alilalamika kwamba chakula cha hapa hakina chumvi, siku hiyo hakulalamika. Baada ya chakula Bibi akamwuliza mwanawe kitambaa kiko wapi, na Mzee Liang akakitoa mfukoni mwa koti, maana hakuthubutu kukitupa wala kukitunza, na Bibi akakikunja, akakiweka sandukuni juu ya nguo zake za kuzikiwa, akamwambia marehemu, “Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayekuja kumfunga mwanangu kichwani, na siku hiyo hutakuwa umekosea.” Mama aliahidi. Alirudi nyumbani akampigia Nelly simu, hakusema chochote cha maana, alikuwa anacheka na kulia pamoja, akisema tu, “Wamenipa kazi ya nyumbani, Nelly, wamenipa kazi ya nyumbani.” Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, naye alikuwa amepewa jembe lake.

Jumapili tarehe 11 Februari 2007, wiki moja kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, Wuyang walicheza mchezo wao wa mwisho nyumbani, na walipaswa kushinda ili waingie katika hatua ya mtoano. Ukumbi ulijaa, na safari hii vitambaa vyekundu vilifungwa vichwani mwa wote, Wachina kwa Waafrika, ngazi hadi ngazi. Kwa robo tatu Wuyang walikuwa nyuma, wamechoka, na Mzee Liang naye mikono ilikuwa imechoka, ndipo akageuka, akamkabidhi mama yetu vijiti. Hakupiga mdundo wa Mzee Liang. Alipiga kilumi, mdundo wa bibi yake, unaoanza chini kama mtu anayetwanga na kupanda bila haraka, na akina mama wa Kangle wakaushika kwa makofi, na Wakongo wakaujibu kwa miguu, na Nikodemu anaapa kwamba nahodha Chen, akisubiri kurusha mpira wa mwisho, aliinua macho akatazama ngoma, kisha akarusha, ukaingia, tukashinda kwa pointi moja, pointi ile ile iliyopotea Novemba. Mvua haikunyesha ndani ya ukumbi, lakini mama yetu alilowa kwa maji waliyommwagia.

Kwa kuwa historia hii haitaki kudanganya, tuseme pia kwamba katika mtoano Wuyang walipigwa michezo yote. Marehemu hakujali. Mashabiki wa timu ngeni walipouliza yule mwanamke wa ngoma ni nani, Mzee Liang aliwajibu “zijiren”, yaani mtu wetu wa ndani, na mama akatufundisha sote neno hilo, akawa analisema vibaya na kwa fahari. Mcheza kwao hutunzwa, na yeye alitunzwa kwa kuambiwa kwamba ni kwao.

Ugonjwa ulimwanza Agosti 2008, wakati nchi nzima imekaa mbele ya televisheni kutazama Olimpiki, akadhani ni tumbo la kelele nyingi, na mwezi wa Oktoba madaktari wakagundua saratani ya ini. Tulimwomba arudi Kenya, akasema atarudi, ila msimu uishe kwanza. Alipelekwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu hadi mwisho wa Januari 2009, na alipokosa nguvu ya vijiti alipiga kwa viganja pembeni mwa ngoma. Alifariki Jumapili asubuhi, tarehe 8 Machi 2009, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, mikononi mwa Nelly, Nikodemu na Bi Rozina, baada ya kupokea sakramenti, na atazikwa Tala, kando ya Bwana Jonas, Jumamosi ijayo tarehe 21, ambako Fiona na ndugu wanamsubiri. Ameacha watoto watatu na wajukuu wawili.

Familia inamshukuru Daktari Huang na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka na ambao walivumilia kupangwa na mgonjwa wao kama timu yake ya shule, majirani wa Tianxiu, hasa Bi Rozina aliyelala chini ubavuni mwake, na Bwana Abdulrazak ambaye amemwandalia mama yetu safari hii ya mwisho na kukataa kusikia habari ya malipo, wafanyakazi wenzake wa Kangle, wanafunzi, kwaya, nahodha Chen na wachezaji wa Wuyang waliosimama pale nyuma kwa sababu viti havikuwatosha miguu.

Na mwisho kabisa tunakushukuru wewe, Bibi Liang. Umefika miaka tisini na mmoja, na mapafu yako yangali yanacheka. Tunajua kwamba kwa desturi yenu mkubwa hamvalii mdogo nguo ya msiba, na kwamba wanao walikuzuia asubuhi hii, nawe ukafungua sanduku lako, ukatoa kitambaa kile kile, na ukamwamuru mwanao akufunge kichwani, kwa sababu, ulisema, mwenye ahadi amesafiri, na kazi ya nyumbani haiachwi bila mtu. Mama yetu alikitengeneza kwa furaha, kikamwaibisha, kikampa kwao, na leo kimefungwa mahali pake, na hakuna aliyekosea.

Laobanniang, Mama Nelly, mke wa Jonas, binti wa mvua, vijiti vyako viko kwa Mzee Liang na msimu mpya unaanza Novemba. Pumzika kwa amani, mama, wala usipumzike kimya.